Changarawe hadi Inuvik: tulivyoipita barabara ya Dempster kwa gari-nyumba

Pancha tuliipata kilomita ya 143, saa tisa alasiri, barabara ikiwa kavu na imenyooka, mimi nikiwa na uhakika kabisa kwamba najua ninachokifanya.

Uhakika huo niliutoa Singida. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa dereva wa lori enzi ambazo lami ilikuwa haijafika kwetu, na likizo za shule alinichukua kama tingo mdogo. Kazi yangu ilikuwa kugonga tairi. Kila tuliposimama nilishuka na kipande cha nondo, nikazunguka lori nikigonga moja moja na kusikiliza. Tairi yenye upepo inalia kama ngoma iliyowambwa vizuri. Iliyoishiwa inajibu kama gunia la mahindi. Mjomba alinifundisha pia kuelea. Barabara ya vumbi ikishapitwa na magari mengi hujitengenezea matuta madogo madogo yanayofuatana kama bati la kuezekea. Ukiyapita polepole, gari linatetemeka hadi meno yanagongana. Ukikanyaga mafuta ukafika 80, tairi zinaruka kutoka kichwa cha tuta hadi kichwa cha tuta, na gari linatulia kana kwamba liko juu ya maji. Kanuni hiyo ni ya kweli kwa lori tupu na kwa pikapu. Niliibeba kichwani miaka thelathini nikaja nayo Kanada.

Tunaishi Edmonton, mimi, mama watoto na vijana wetu wawili. Gari letu ni gari-nyumba la mtumba la futi 24, lenye kitanda, jiko la gesi, friji na choo, vyote vimejengwa juu ya chesisi ya Ford, tairi mbili mbele na nne nyuma. Tulilinunua, hatukukodi, kwa sababu kampuni nyingi za kukodisha magari ya aina hii zinakataza kwenye mkataba usiende nayo barabara za changarawe za kaskazini. Nilipokuwa nasoma makatazo yale niliyaona ni woga wa watu waliozoea lami.

Barabara ya Dempster inaanzia njia panda iliyo kama kilomita 40 mashariki ya Dawson City, katika eneo la Yukon, na kwenda kaskazini kilomita 736 hadi mji wa Inuvik. Ilifunguliwa rasmi Agosti 1979. Tangu Novemba 2017 ipo nyongeza ya kilomita kama 138 inayotoka Inuvik hadi Tuktoyaktuk, kwenye ufuko wa Bahari ya Aktiki, kwa hiyo leo mtu anaweza kuendesha gari kutoka kusini kabisa mwa Kanada hadi kwenye maji ya bahari ile majira ya kiangazi. Ukiacha sehemu fupi, njia yote ni changarawe. Kituo cha mafuta cha kwanza baada ya njia panda kiko Eagle Plains, kilomita ya 369, na sehemu kubwa ya njia haina mtandao wa simu. Kutoka kwetu Edmonton hadi kufika tu kwenye hiyo njia panda tulikuwa tumekwisha kuendesha kama kilomita 2,500 za lami, na safari hiyo sina la kuisimulia.

Maandalizi niliyafanya vizuri, na hapo namshukuru mjomba. Kabla ya kuondoka tulilipima gari kwenye mizani ya malori, likiwa na mafuta, chakula na sisi wenyewe ndani: tani tano na nusu. Nilinunua spea ya pili, tairi kamili yenye rimu yake, nikaifunga juu ya ngazi ya nyuma. Nilibeba jeki ya chupa, kompresa ndogo inayotumia betri ya gari, na bomba la chuma la mita moja la kuvisha kwenye mpini wa spana, maana nati zilizokazwa kwa mashine gereji hazifunguki kwa mkono. Tanki la maji tulijaza robo tu. Watu wanasahau kwamba lita 150 za maji ni kilo 150, na kilo hizo zinakaa juu ya tairi za nyuma. Mama watoto alifunga sahani katikati ya kanga, moja moja, akaziba kwa gundi ya utepe mianya ya milango yote ya chini ili vumbi lisiingie. Nikapunguza upepo wa tairi kidogo, kutoka 80 hadi 70, kwa kufuata jedwali la mtengenezaji na uzito tuliopima. Tairi iliyojaa sana inakuwa ngumu, haikubali kulikumbatia jiwe, jiwe linaichana.

Yote hayo yalikuwa sawa. Kilichokuwa si sawa ni mguu wangu wa kulia.

Kilomita 70 za mwanzo hatukuwa na haraka. Njia inapanda kuelekea milima ya Tombstone, miti ya misonobari inazidi kuwa mifupi, halafu inakwisha. Tulilala kwenye kambi ya hifadhi ile. Saa sita za usiku mwanangu mdogo alikuwa nje anasoma kitabu kwa mwanga wa jua, mbu wamemzunguka kama moshi. Asubuhi tukapita juu ya mlima tukaingia kwenye uwanda usio na mti hata mmoja, kijani hadi macho yanapochoka, na barabara imekaa juu yake kama mkeka uliotandikwa. Imeinuliwa. Chini ya nyasi zile ardhi imeganda mwaka mzima, na ukiondoa majani ya juu au ukiweka kitu kinachopitisha joto, barafu ya ndani inayeyuka na barabara inazama. Kwa hiyo wajenzi hawakuchimba. Walimwaga changarawe juu ya ardhi hadi ikafika unene wa mita moja, mahali pengine zaidi ya mbili, liwe blanketi la kuitunza baridi ya chini. Nilikuwa nimesoma hayo kabla ya safari na kuyaona ni habari ya kuvutia. Sikujua kwamba yananihusu mimi na usukani wangu.

Ndipo matuta ya bati yakaanza. Nikafanya nilichofundishwa: 60, 70, 80, 85. Gari likatulia. Nikamwambia mama watoto, unaona? Kwa muda wa kama dakika ishirini tulielea. Nyuma yetu kulikuwa na sauti ambazo sikuzisikiliza, vitu vidogo vinadondoka kwenye sakafu. Halafu mlio kama mlango wa bati umepigwa teke, na gari likaegemea kulia.

Ilikuwa tairi ya nyuma ya nje. Haikutoboka, ilichanwa, mpasuko wa urefu wa kiganja ubavuni. Katikati yake na tairi ya ndani kulikuwa kumekwama jiwe jeusi, bapa, lenye ukingo kama wa shoka la kuchanjia kuni. Nilipolishika lilikuwa bado la moto. Gari lenye tairi pacha nyuma lina tabia hiyo: jiwe likiingia kati ya mapacha halitoki, linazunguka pamoja nayo na kuila tairi upande wa ndani usiouona. Kila unapochelewa kusimama kukagua, linaendelea kula.

Nilipoanza kuinua gari, jeki ikazama kwenye changarawe. Nikaitoa, nikasawazisha mahali, ikazama tena. Mama watoto akaingia ndani akarudi na ubao wake wa kukatia mboga, ule mnene wa mbao ngumu aliouleta kutoka nyumbani. Hakusema neno, akauweka chini. Jeki ikasimama. Nikavisha bomba kwenye spana, nikaliegemea kwa uzito wangu wote, nati ya kwanza ikalia kwi, ikaachia.

Tulikuwa kwenye nati ya nne pikapu ilipotokea kaskazini. Ilipunguza mwendo tangu mbali, ikafika karibu kama mtu anayetembea, vumbi lisitufunike, ikasimama. Kwenye barabara ile kila gari linasimama likikuta mwenzake ameinua boneti au jeki. Aliyeshuka alikuwa mzee wa Kigwich'in, wenyeji wa asili wa huko, kutoka Fort McPherson, anakwenda Dawson. Nyuma ya pikapu yake kulikuwa na spea mbili. Alilishika lile jiwe akaligeuzageuza, akaniuliza nilikuwa kwenye mwendo gani. Nikamwambia. Hakunicheka, wala hakunikemea. Aliinama akapitisha mkono kati ya tairi pacha za upande wa kushoto, akatoa jiwe jingine kama lile, dogo zaidi, ambalo mimi sikuwa nimelitafuta. Akanieleza kwamba mbele, baada ya kupanda kutoka Mto Ogilvie, mawe ni ya namna hiyo kwa kilomita nyingi, kwa kuwa upande ule hakuna changarawe ya mto iliyosuguliwa na maji ikawa mviringo. Barabara imetengenezwa kwa mwamba uliopasuliwa. Mwamba ukipasuka unatoa visu. Akasema nenda 50, 55, simama kila saa moja, pitisha mkono. Na mvua ikinyesha Eagle Plains, usiondoke kabla hujawauliza watu wa malori.

Baada ya kuondoka kwake nilikwenda ndani nikaona kile ambacho tulikuwa tukikisikia. Skrubu. Kila kabati la gari-nyumba limeshikiliwa na skrubu ndogo za mbao, na mtetemo ule wa kasi, ambao kwenye kiti cha dereva unauona umetulia, nyuma ulikuwa unazifungua moja baada ya nyingine. Kuelea kulikuwa kwa usukani tu. Mama watoto alizikusanya sakafuni katika kopo la majani ya chai: kumi na moja. Mlango wa friji ulikuwa umeachia bawaba ya juu. Jioni ile nilitumia saa mbili na bisibisi, kijana wangu mkubwa akinishikia tochi ambayo, kwa jua lile, hatukuihitaji, lakini alitaka kushika kitu.

Basi tukaenda 50. Mtetemo wa 50 ni mbaya, sitamdanganya mtu. Ukishuka hadi 40 au 35 kwenye sehemu mbaya zaidi, unavumilika, na chombo kinabaki kizima. Kilomita 226 zilizobaki hadi Eagle Plains zilituchukua karibu siku nzima, na tuliona mengi kuliko tungeyaona kwa 85: kijito chenye maji mekundu kama chai ya rangi kwa sababu ya madini, harufu ya kiberiti, kilima cha mawe chenye minara kama kichuguu kikubwa, na dubu wa kahawia anakula matunda mita mia moja kutoka barabarani bila kutuangalia.

Jambo la pili nililazimika kulisahau, na hili ndilo lililonitisha zaidi kuliko pancha, ni namna ya kupisha. Kwetu, lori kubwa likija kwenye barabara nyembamba ya vumbi, mwenye gari dogo anatoka. Anaingia kwenye nyasi, anasimama, lori linapita, wanapungiana mikono. Ni adabu, na ni usalama. Karibu kilomita ya 300, lori la mafuta likatokea mbele kwenye mlima. Nikafanya adabu yangu. Nilisogea kulia hadi tairi za mbele na nyuma zikawa juu ya ukingo, pale ambapo changarawe inaonekana laini na safi kwa kuwa haipitwi.

Usukani ukanivuta. Si kwa nguvu, kwa upole, kama mtoto anayekuvuta nguo. Gari likaanza kuegemea kulia na halikukoma. Nikakumbuka blanketi. Ukingo wa barabara ile ni kingo za tuta lililomwagwa juu ya ardhi laini, hakuna kitu cha kuushikilia pembeni, na chini yake kuna mteremko wa mita mbili hadi kwenye kinamasi. Changarawe ya pale haijashindiliwa. Mama watoto akasema, taratibu kabisa, "Baba watoto, tunakwenda chini." Nikaacha mafuta, sikugusa breki, nikanyoosha usukani kushoto kidogo kidogo. Tairi za nyuma zikauma kitu kigumu, tukarudi. Dereva wa lori alikuwa ameliona lote. Alikuwa amesimama katikati ya njia yake, mita hamsini mbele, anasubiri nimalize.

Aliteremsha kioo tulipofika sambamba. Maneno yake nayakumbuka hivi: bakia kwenye njia iliyopitwa, punguza mwendo hadi karibu kusimama, mimi nitafanya hivyo hivyo, tutapishana. Nafasi ipo. Akaongeza kwamba kila kiangazi wanayavuta magari-nyumba kutoka kwenye mtaro, na mengi yalikuwa yanampisha mtu.

Tangu hapo nikawa nafanya alivyosema, taa zimewashwa wakati wote. Kupunguza mwendo kunaokoa na kioo pia, kwa sababu jiwe linaloruka linakupiga kwa kasi yako na ya mwenzako zikijumlishwa. Hata hivyo tulipata nyota moja kwenye kioo cha mbele, kutoka kwa gari dogo lililotupita bila kupunguza. Tuliijaza gundi yake jioni hiyo hiyo, haikuendelea.

Eagle Plains ni hoteli, gereji, pampu za mafuta na kambi, juu ya mgongo wa mlima, na hakuna kingine kwa mamia ya kilomita. Tulifika mvua ikianza. Asubuhi geti la kuelekea kaskazini lilikuwa limefungwa. Mvua ilikuwa imeharibu njia mbele, na barabara ile ikilowa, sehemu zenye udongo wa mfinyanzi zinakuwa kama sabuni. Wanainyunyizia chumvi ya kloridi ya kalsiamu ili vumbi litulie, na chumvi hiyo inavuta unyevu. Inapokauka juu ya bodi ya gari inaganda kama saruji.

Tulikaa siku mbili. Nakiri siku ya kwanza nilikuwa na hasira moyoni, likizo yangu ilikuwa imehesabiwa siku kwa siku. Madereva wa malori hawakuwa na hasira. Walilala, walikula, walifua. Asubuhi ya pili mama watoto alisukuma chapati, harufu ikatoka kwenye dirisha la jiko, na kabla ya saa nne tulikuwa na wageni wanne kwenye meza ya nje, mmoja wao yule wa lori la mafuta, aliyekuwa ameshusha mzigo wake kusini na sasa anarudi na mwingine. Niliwauliza kila kitu. Wapi udongo unateleza, wapi kuna mashimo baada ya daraja, pantoni za mtoni zinafanyaje kazi. Mmoja alinichorea kwenye karatasi ya mfuko wa unga njia ya kupanda hadi Wright Pass, pito la mlimani, akaweka alama mahali ambapo gari refu la nyuma halipaswi kusimama, kwa maana upepo wa pale umewahi kuyalaza malori.

Walipofungua geti hatukuwa wa kwanza kuondoka. Tuliyaacha malori mawili yatangulie yakanyage, tukafuata saa moja baadaye kwenye alama zao. Kilomita ya 405 kuna kibao cha Mzingo wa Aktiki, tulipiga picha. Kwenye mpaka wa Yukon na Northwest Territories kiangazi saa inasogezwa mbele saa moja, na namba za kilomita zinaanza upya kutoka sifuri, jambo la kuliangalia ukimweleza mtu uko wapi.

Mto Peel unavukwa kwa pantoni ya bure. Majira ya baridi magari hupita juu ya barafu, na kati ya misimu hiyo miwili, barafu inapoganda au kuvunjika, hakuna njia kabisa. Gati hakuna. Kuna changarawe iliyosukumwa na tingatinga hadi majini, na mto ukipanda au kushuka wanaisukuma upya. Kwa gari dogo si kitu. Gari-nyumba lina mkia mrefu nyuma ya tairi, na pale tairi za mbele zinapopanda mlango wa pantoni, mkia unashuka. Mfanyakazi wa pantoni alitembea kando yangu akinionyesha kwa kiganja, aniingize kwa mshazari, polepole kuliko mtu anavyotembea. Nilisikia chuma cha nyuma kinaandika mstari kwenye changarawe. Bomba la maji machafu, lililo chini kabisa, lilibaki na nafasi ya vidole viwili. Kijana wangu alilala kifudifudi chini akilitazama na kupiga kelele, "Bado, baba! Bado!"

Fort McPherson ni kilomita chache baada ya hapo. Nilitaka kusimama kwenye makaburi. Barabara imepewa jina la Dempster, askari wa polisi ya farasi aliyetumwa mwaka 1911 kutafuta doria iliyopotea kati ya Fort McPherson na Dawson. Watu wanne waliondoka Desemba 1910 kwa mbwa wa kukokota. Mwanzoni walikuwa na mwongozaji wa Kigwich'in, wakamruhusu arudi, wakiamini watajua njia wenyewe. Waliikosa, wakageuka wakati chakula kimekaribia kwisha, wakawala mbwa wao, wakafa wakiwa karibu kufika walikotoka. Wamezikwa pale pale kijijini. Nilisimama muda mrefu mbele ya majina yao. Nilikuwa namfikiria yule mzee wa pikapu, mkono wake unavyoingia kati ya tairi.

Baada ya Mto Mackenzie, na pantoni ya pili, njia inanyooka kati ya misonobari midogo iliyoinama huku na huku kwa sababu ardhi chini yao inasogea. Tulifika Inuvik siku ya sita tangu njia panda, Alhamisi, na hapo nina jambo la kusema ambalo halihusu tairi.

Inuvik kuna msikiti. Ulijengwa Winnipeg mwaka 2010 kama nyumba nzima, ukapakiwa kwenye lori, ukasafiri zaidi ya kilomita 4,000, sehemu ya mwisho juu ya tishari kuteremka Mto Mackenzie, kwa sababu kuujenga kwa vifaa na mafundi wa huko kungegharimu kuliko kuusafirisha. Ni jengo dogo lenye mnara mdogo pembeni, na mabomba ya mji yamepita juu ya ardhi karibu yake, kwani kuyafukia kungeyeyusha barafu. Nilisali Ijumaa ile na madereva wa teksi na wafanyakazi wa ofisini, Waarabu na Wasudani. Jua lilikuwa halijazama kwa wiki kadhaa. Njia nzima tulikuwa tumesali kwa saa za Edmonton, nikiwa na wasiwasi kama tunafanya sawa, na wenyeji wakaniambia nao huchukua ratiba ya Edmonton, hata katika mfungo wa Ramadhani. Sikutegemea kwamba saa ya jikoni kwetu inafungisha na kufuturisha watu kilomita zote zile. Nilipotoka nje gari letu lilikuwa limeegeshwa mbele ya msikiti, rangi yake haionekani kwa tope, na nikawaza kwamba nyumba hii ya Mwenyezi Mungu nayo ilipita barabarani imefungwa kamba, na mtu fulani alikuwa akiikagua mikanda kila baada ya mwendo.

Tuktoyaktuk tulikwenda na kurudi siku moja. Vilima viitwavyo pingo vinaonekana mbali kama vichuguu vya mviringo, ndani yao ni barafu tupu, na Ibyuk, mkubwa wao, una urefu wa karibu mita 49. Vijana waliingia baharini hadi magotini, wakatoka mbio. Nilimtumia mjomba sauti ya WhatsApp kutoka pale ufukweni. Yuko Singida, ana miaka sabini na kitu, hasafiri tena. Jibu lake lilikuja baada ya saa moja. Hakuuliza bahari ikoje. "Mpwa wangu, tairi unazigonga?"

Nilikuwa nazigonga. Kila saa moja, njia yote ya kurudi, nilisimama katikati ya upande wangu pale nilipoona mbele na nyuma vizuri, nikashuka na kipande cha nondo, nikapitisha mkono kati ya mapacha. Nilitoa mawe saba kutoka Inuvik hadi Eagle Plains. Hatukupata pancha nyingine. Kopo la chai lilipata skrubu mbili.

Kwenye njia panda, tukiwa tunajaza tairi upepo wa lami, kulikuwa na gari-nyumba jingine linaelekea kaskazini, wazee wawili, mume na mke, gari lao safi linang'aa. Waliona tope letu wakaja kuuliza. Nikawaonyesha jiwe, nikawaeleza ukingo, nikawaeleza mwendo, nikainama na yule bwana tukapitisha mikono pamoja kati ya tairi zake. Jeki alikuwa nayo. Nikamuuliza ataiweka juu ya nini. Alitazama changarawe chini ya viatu vyake.

Mama watoto akaingia ndani, akarudi na ubao wa mboga. Upande mmoja ulikuwa na alama ya duara ya kitako cha jeki, imezama ndani ya mbao. Akampa yule mama, akamwonyesha upande wa kuweka juu.